Uliza wangapi walikula jana

Kama unakwenda Ufilipino kusoma na msimamizi wako anataka utafiti mdogo wa familia, watu 30 au 40 hivi, sikiliza kwanza. Mimi wangu niliufanyia Laguna, kusini mwa Manila, na dodoso la kwanza niliishia kulitupa.

Lilifia kwenye swali la pili: "Mnaishi wangapi humu ndani?" Mama mmoja mwenye kiduka cha rejareja, wenyewe husema sari-sari, akanihesabia tisa. Mlangoni palikuwa na ndala za watu watano. Kumbe kamhesabu binti aliyeko Riyadh, maana ndiye anayelipa umeme, na mjukuu anayelala kwa ninang wake, mama wa ubatizo. Hakunidanganya, swali ndilo lilikuwa bovu. Nikalibadilisha: "Jana usiku wangapi walikula wali wa sufuria yenu?" Kisha, peke yake: "Nani alituma hela mwezi uliopita?" Hapo hesabu zikakaa sawa.

Usiulize hisia, uliza tendo la mwisho. Ukisema "Mnasaidiana na majirani?" wote watakuitikia opo, ndiyo ya adabu, kwa sababu kumvunja mgeni uso kunaleta hiya, haya. (Sisi tunaokaribisha chakula huku tukiomba mgeni akatae, tunalielewa hilo.) Uliza nani alimkopesha mara ya mwisho, na walionana lini tena. Utang na loob, deni la fadhila, nililipimia alama 1 hadi 5. Wote wakanipa 5. Habari zenyewe zilikuja nilipofunga daftari na merienda, vitafunio vya mchana, ikaletwa.

Kuulizauliza kwa namna hiyo kuna jina, pagtatanong-tanong, na katika saikolojia ya Kifilipino aliyoiasisi Virgilio Enriquez miaka ya 1970 ni mbinu inayoheshimika, si uvivu. Wanatofautisha ibang tao, mtu baki, na hindi ibang tao, mtu wa ndani. Mtu baki hupewa majibu ya mtu baki, kwa hiyo dodoso ulitoe kwenye ziara ya pili au ya tatu.

Ukifika, kapige hodi kwa Kapitan, kiongozi wa barangay, yaani mtaa au kijiji, hilo halina mjadala. Ila ukipewa mtu wa kukutembeza, angalia anakupeleka wapi. Nyumba tano za kwanza nilizoingia zote zilikuwa za makumpare wa mwenyeji wangu, watu waliobatiziana watoto, nami nikijidhania nimechagua kwa bahati nasibu.

Kuhusu majina ya undugu: mjomba, baba mdogo na baba mkubwa kwao wote ni tito, basi ongeza swali la "kwa mama au kwa baba?" Kuya na ate, kaka na dada mkubwa, huitwa hata muuza samaki.

Kwenye ripoti andika "9 kati ya 40", usiandike asilimia 22.5. Mtu mmoja tu akibadili jibu, asilimia 2.5 imehama.

Na ukivuka kwenda kisiwa cha Cebu, wanakosema Kisebuano, usibebe dodoso la Kitagalog, lugha ya huku Laguna. Kule hata hiyo opo hawana.