Baridi ya Minnesota, ghorofa ya tatu na watoto wawili wasiotulia

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Tumehamia Minneapolis mwezi wa nane tukitokea Mombasa, na hii ndiyo baridi yetu ya kwanza. Nina binti wa miaka 5 na mdogo wake wa kiume wa miaka 3. Tunakaa ghorofa ya tatu, chumba kimoja na sebule. Wakiruka, jirani wa chini anagonga dari kwa mpini wa ufagio, na ameshatuandikia karatasi mara mbili. Nikiwapa simu wanatulia, nikiichukua ni vilio, na usiku hawalali mpaka saa nne. Shule ya binti ikifungwa kwa ajili ya baridi ndiyo balaa kabisa. Niwafanyishe nini humu ndani bila kununua midoli ya bei? Na baridi ikifika kiwango gani nisiwatoe nje? (Mama wa wawili, Minneapolis)

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na poleni kwa baridi. Umeandika mambo matatu, kuruka, simu na kuchelewa kulala, lakini mimi naona jambo moja tu: miili ya hao watoto haijachoka. Mombasa walichoka bila wewe kupanga. Walikimbia uani, walitumwa dukani, walifukuzana na watoto wa jirani mpaka magharibi. Huku kuanzia Novemba kazi yote hiyo imekuangukia wewe, na hakuna aliyekuambia.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa miaka 3 na 4 anahitaji kujongea angalau dakika 180 kwa siku, na kati ya hizo 60 ziwe za kuhema hasa. Wa miaka 5 na kuendelea naye anatakiwa apate kama dakika 60 za kuhema kila siku. Usitishike. Dakika hizo hazichezwi kwa mkupuo, zinagawanywa kumi kumi, kumi na tano kumi na tano, kutwa nzima.

Kosa ninaloliona kila mwaka kwa wazazi wapya ni kuanza na karatasi na rangi. Mtoto ambaye mwili wake bado una moto hakai na rangi dakika tano, na mama anadhani mwanawe ana kasoro. Mwili kwanza, mikono baadaye. Darasani kwetu siku za kufungiwa ndani hatufunui kopo la rangi kabla watoto hawajahema.

Sasa tuje kwa jirani. Majengo mengi ya huku yana sakafu za mbao, na kinachopenya chini zaidi ni kishindo cha mguu unapotua, kuliko hata kelele za mdomo. Basi tafuta kazi ambazo mguu hautui kwa nguvu: kusukuma, kuvuta, kubeba, kutambaa. Kwa bahati nzuri hizo ndizo zinazochosha misuli kuliko kuruka, na zinamtuliza mtoto badala ya kumpandisha wazimu.

Chukua kapu la nguo chafu, tandika taulo chini yake liteleze, mwambie binti alisukume kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi, mara kumi. Akizoea, mwongezee ndani galoni ya maji, ambayo ni karibu kilo 4. Mdogo asukume nguo tu. Halafu blanketi: mdogo akae juu yake, dada amvute sebule nzima. Mdogo ashike kingo za blanketi, asivutwe kwa mikono, maana kiwiko cha mtoto wa umri wake huteguka upesi akivutwa mkono kwa ghafla. Bandika selotepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, sakafuni kwa mistari iliyopinda. Wapite juu yake kwa kutambaa kama kaa, tumbo juu, mikono nyuma. Watoto wa Mombasa wanamjua kaa, hawahitaji kuonyeshwa picha. Ukitoka sokoni, mchele waubebe wao. Na mbona unazo ngazi za ghorofa tatu bure? Vaeni raba, shukeni mpaka chini mpande tena, mara mbili asubuhi na mara mbili alasiri, wewe ukimshika mdogo. Hapo dakika ishirini zimekwisha na watu wanahema.

Na msisahau nyama nyama. Mwenye kuita anaita, "Nyama nyama nyama!", wengine wanaitikia "Nyama!" na kuruka, "nyama ya ng'ombe", "nyama ya mbuzi", mpaka aite nyama isiyoliwa, na hapo aliyeruka ametoka. Nyumbani kwako badilisha kuruka kuwe kusimama kwa ncha za vidole na mikono juu, na kutoruka kuwe kuchuchumaa. Mimi mchezo huu nauthamini kuliko midoli yote ya dukani. Mtoto anapojizuia kuitikia "nyama ya paka" wakati mwili umeshazoea kupanda, anajifunza kujizuia, jambo ambalo mwalimu wake atalihitaji kila siku darasani. Tena anajifunza majina ya wanyama kwa Kiswahili katika nchi ambayo hatayasikia popote pengine. Mdogo wa miaka 3 atakosea sana. Usimtoe, aendelee tu.

Baada ya hapo, wakishakunywa maji (hita za huku hukausha hewa, kwa hiyo wape maji mara kwa mara hata kama hawajatoka jasho), ndipo mikono ifanye kazi. Tengeneza unga wa kufinyanga mwenyewe: vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi, vikombe 2 vya maji, vijiko 2 vikubwa vya mafuta na vijiko 2 vikubwa vya maji ya limau. Changanya kwenye sufuria bila mabonge, weka moto mdogo, songa kama ugali mpaka uache sufuria. Ukipoa, wakande wao. Ukiufunga ndani ya kopo lisilopitisha hewa unakaa wiki kadhaa. Uupike kweli, usiwape mbichi, kwa sababu unga mbichi unaweza kuwa na bakteria wa kuumiza tumbo, na watoto huramba. Chumvi ile nyingi yenyewe itawafanya wasirudie kuramba, lakini kaa nao, maana donge kubwa likiliwa lina madhara. Siku ya chapati, mpe kila mmoja kidonge chake cha unga na ubao wake. Zitatoka ramani za Afrika, lakini wazipike na wazile.

Ukitaka kuwafundisha kuhesabu, una bao kwenye friji: trei la mayai 12 lina safu mbili za mashimo sita sita. Binti wa miaka 5 anaweza kupanda kete moja moja akizunguka, bila sheria nyingine yoyote. Tatizo ni mdogo. Maharage na kokoto kwake haviingii, si kwa ajili ya koo tu. Kila mwaka kuna mtoto anayejipachika harage puani. Kipimo ninachotumia ni kile cha usalama wa midoli hapa Marekani: kitu kinachopenya kwenye tundu la upana wa milimita 32 asipewe aliye chini ya miaka 3, na wa miaka 3 anayependa kutia vitu mdomoni ni hivyo hivyo. Kifuniko cha chupa ya soda kina milimita 28, kinapita. Cha galoni ya maziwa kina milimita 38, hakipiti, na ndicho kete nzuri. Anza kuvikusanya leo. Betri zile za duara, bapa kama sarafu, zisionekane kabisa, wala vishanga vinavyovimba majini.

Theluji nayo mnaweza kuileta ndani. Jaza beseni, liweke juu ya taulo, wape vikombe na vijiko. Mwulize binti: vikombe kumi vya theluji vikiyeyuka tutapata maji vikombe vingapi? Theluji laini iliyoanguka karibuni hutoa takribani kikombe kimoja, na uso wake utakapoona hicho kikombe kimoja hutausahau. Siku nyingine gandisha maji yenye rangi ya chakula kwenye bakuli, wanyunyize chumvi juu ya barafu watazame inavyotoboka. Mwambie ndiyo maana magari yanamwaga chumvi barabarani. Wanyunyize kwa kijiko, wasishike barafu yenye chumvi mkononi, kwa sababu huunguza ngozi.

Kuhusu kutoka nje: wala msijifungie msimu mzima. Tazama kipimo cha baridi pamoja na upepo, si joto tupu. Mimi kwa watoto wa umri huo, kikiwa juu ya nyuzi 20 za Farenhaiti (karibu −7 za Selsiasi) na wamevaa vizuri, tunatoka nusu saa. Kati ya 20 na 0 ni dakika kumi hadi kumi na tano, na ninagusa mashavu na vidole. Chini ya 0, yaani karibu −18 za Selsiasi, tunabaki ndani. Kikifika −18 za Farenhaiti ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa, na ngozi ya mtoto haisubiri hata hiyo. Kwa vitamini D, jua la huku wakati wa baridi halitoshi, hasa kwa ngozi zetu; madaktari wa watoto Marekani hupendekeza yuniti 600 kwa siku kwa walio zaidi ya mwaka mmoja. Mwulize daktari wao kama wanazipata kwenye maziwa au wapewe matone.

Simu usiipige marufuku ghafla. Mwongozo ule wa 2019 unasema isizidi saa moja kwa siku kwa mtoto wa miaka 3 na 4. Iweke alasiri, baada ya ngazi na kapu, na iishe pamoja na kipindi, si katikati yake. Vilio vingi hutokana na kukatizwa. Desemba jua linazama saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo giza haliwaambii kitu kuhusu kulala. Lazima wewe uwaambie: kuoga, chakula, taa moja, kisha paukwa pakawa na vitendawili kitandani. Kwa umri huo usingizi ni saa 10 hadi 13 kwa siku nzima, basi wakiamka saa moja asubuhi, saa mbili usiku wawe wameshalala. Kama mdogo bado analala mchana, mwamshe kabla ya saa tisa.

Ukiona nyumba imepoa, usiwashe tanuri la jiko kwa ajili ya joto wala mkaa ndani, hata kwa dakika chache. Moto huo unaweza kutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, nayo haina harufu. Mwenye nyumba hapa Minnesota analazimika kisheria kuweka king'ora cha kutambua hewa hiyo ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala; kikague leo, na hita ikiharibika mpigie yeye.

Na huyo jirani, nenda na watoto mkamgongee mlango na chapati mbili mkononi, umwulize hulala saa ngapi. Wengi wanafanya kazi za usiku na mchana ndio wamelala. Ukishazijua saa zake, nyama nyama ya kuruka kweli kweli mtaicheza akiwa kazini.