Mkopo wa chuo: tengeneza vyeti kabla ya msimu wa karafuu

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, wazee hunifuata na swali moja: "Mwalimu, mtoto kafaulu, sasa mkopo tunauombaje?" Ni swali la maana, ila huja wakati muda umeshaanza kuyoyoma. Mimi nimesoma chuo kwa mkopo na nimeshaumaliza kuulipa. Tangu nianze kusomesha hapa Wete, Pemba, nimekaa na vijana wengi wakijaza maombi yao. Nilichojifunza ni kwamba wengi wanaokosa mkopo sifa wanazo. Kinachowaangusha ni vyeti, kwa sababu havikusema jambo ambalo shehia nzima inalijua.

Sheha wako, kiongozi wa shehia, anajua kwamba mama anakulea peke yake kwa kilimo cha mwani. Anajua baba alifariki ukiwa darasa la tatu. Ofisa anayepitia maombi hayo hajui lolote katika haya. Yeye anasoma kilichopandishwa kwenye mfumo, na pasipokuwa na cheti cha kifo, kwake yeye baba yuko hai na anafanya kazi.

Kwanza tuelewane kuhusu milango yenyewe. Uko wa Muungano, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ambayo wengi wanaiita HESLB. Na uko wa kwetu, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, ya Sheria Nambari 3 ya 2011, ambayo ni kwa Wazanzibari. Kuna watu wanaamini kijana anayesoma SUZA, yaani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, au Chuo Kikuu cha Zanzibar pale Tunguu hana haki kwa bodi ya Muungano. Si kweli. Elimu ya juu ni jambo la Muungano, na Mzanzibari aliyepata nafasi katika chuo kinachotambuliwa anaomba kama Mtanzania mwengine yeyote. Asichoweza ni kusomeshwa na bodi mbili kwa wakati mmoja. Kila bodi hutoa mwongozo wake wa mwaka. Usome wa mwaka wako mwenyewe, usitegemee wa kaka yako aliyeomba zamani, kwani masharti hubadilika.

Kwa HESLB, mambo ya msingi ni haya: uwe Mtanzania, umri usizidi miaka 35, uwe umemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyopita, na usiwe na kazi ya mshahara. Maombi hufanywa kwenye mtandao kwa nambari yako ya mtihani wa kidato cha nne, na ada yake ni shilingi 30,000, ambayo hairudi hata ukikosa.

Sasa niingie kwenye vyeti, maana hapa ndipo mambo yanapoharibika.

Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe. Aliyezaliwa Zanzibar anahakikiwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar. Lakini hapa Pemba tunao vijana wengi waliozaliwa Tanga au Dar es Salaam wazee walipokuwa huko kikazi au kibiashara. Hao vyeti vyao ni vya RITA, wakala wa usajili wa Tanzania Bara, na uhakiki wao unafanyika huko huko RITA. Nimeona kijana akizungushwa ofisini kwa kuwa tu hakuna aliyemuuliza alizaliwa wapi. Jambo hili halihitaji kungoja matokeo. Linaweza kufanywa mtoto akiwa bado kidato cha tano.

Halafu majina. Kwetu mtu ana jina lake, la baba na la babu, na kila ofisi inaandika inavyosikia. Cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis Juma Ali, skuli wameandika Hamisi Juma Ally, na cheti cha kifo cha baba kimeandikwa Juma Ali Makame pamoja na jina la utani alilojulikana nalo bandarini. Kwa jirani huyo ni mtu mmoja na baba yake. Kwa mfumo ni watu ambao hawana uhusiano. Viweke vyeti vyote mezani leo: vya kuzaliwa, vya mtihani, vitambulisho vya wazee, vya vifo kama vipo. Visome herufi kwa herufi. Ukiona tofauti, nenda ofisi ya usajili ukaulize kama cheti kinasahihishwa au unatakiwa kuapa mbele ya hakimu au wakili kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja. Kazi hii inachukua muda, na haifanyiki vizuri ikiwa imebaki wiki moja.

Cheti cha kifo nacho kina tatizo lake hapa kwetu. Maiti anazikwa siku hiyo hiyo, dua inasomwa, watu wanatawanyika, na hakuna anayekumbuka kwenda kusajili. Miaka kumi baadaye yatima anahitaji karatasi ambayo haikuwahi kuwepo. Inapatikana, kwa barua ya sheha na mashahidi waliokuwepo, lakini mashahidi nao wanazeeka na wengine wanahama. Nawaomba sana akina mama wajane: kisajilini kifo hata kama mtoto bado mdogo. Ni haki yake mnayomwekea.

Kama kaya yenu imo kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, litajeni hilo kwenye maombi pamoja na nambari yenu. Wengine wanaona aibu. Sioni aibu yoyote kwa mtu kueleza hali yake kwa aliyewekwa ili aisikilize. Mwenye ulemavu, au aliye na mzazi mwenye ulemavu, apate fomu iliyothibitishwa na daktari wa serikali. Na aliyesoma skuli ya binafsi kwa msaada wa mfadhili aombe barua ya mfadhili huyo, la sivyo itaonekana wazazi wake ndio waliokuwa wakilipa ada, na wakionekana na uwezo mkopo unapungua au unapotea.

Tatizo la kalenda ni la kwetu Pemba hasa. Miaka ya karibuni dirisha la HESLB limekuwa likifunguliwa Juni au Julai, na msimu mkubwa wa karafuu nao unaanza miezi hiyo hiyo. Mzazi yuko kambini, kijana yuko juu ya mkarafuu, simu haina chaji, sheha naye ana mashamba yake. Na fomu inataka saini ya mwombaji, ya mdhamini pamoja na picha na kitambulisho chake, ya sheha, na ya hakimu au wakili. Basi mdhamini mchague mapema, mwambie kabisa atahitajika, na nakala ya kitambulisho chake kaa nayo wewe.

Ukienda kujaziwa kwenye steshenari, usikubali akaunti ifunguliwe kwa nambari ya simu ya mwenye duka. Ujumbe wa kusahihisha kasoro utakwenda kwake, naye ana wateja wengi. Tumia nambari yako, neno la siri liandike kwenye daftari la nyumbani, na usome kila ukurasa kabla haujatumwa.

Wapo pia wazee wanaokataa mkopo kwa hofu ya riba, na hofu hiyo naiheshimu. Nawaambia tu waulize wakiwa na habari sahihi. Zamani HESLB ilikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, na watu wengi wanaikumbuka hiyo. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021, ikatangazwa Siku ya Mei Mosi na Rais Samia Suluhu Hassan, na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kulipa nayo ikaondolewa mwaka huo. Ilibaki asilimia 1 ya gharama za uendeshaji. Mpelekee sheikh unayemwamini maelezo haya kamili, akujibu juu ya mkopo ulivyo sasa. Kulipa huanza miaka miwili baada ya kumaliza chuo, na aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Mimi nilikatwa na niliishi, ingawa miezi ya mwanzo ilikuwa mizito.

Ukipata mkopo, usiangalie jumla peke yake. Angalia mgawanyo: ada, chakula na malazi, vitabu, mafunzo kwa vitendo. Unaweza kupewa chakula chote na ada nusu, na nusu iliyobaki chuo kitakudai wewe. Fedha ya chakula na malazi, hilo bumu lenyewe, ilipanda kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/2023, lakini haikungoji mlangoni siku unayofika. Kijana anayetoka Pemba kwenda Tunguu au Dar anahitaji nauli ya boti, kodi ya chumba kama hakupata dakhalia (bweni la chuo), na chakula cha wiki za mwanzo. Familia ikichanga, ichangie hapo.

Na ukikosa, usirudishe begi uvunguni. Majina hutoka kwa awamu, kwa hiyo kutokuwemo katika ya kwanza si kukosa. Baada ya awamu hizo hufunguliwa dirisha la rufaa, na rufaa inataka ushahidi mpya: cheti kilichokuwa kimekosekana, uhakiki ambao haukuwa umekamilika, kifo au maradhi yaliyotokea baada ya kuomba. Kulalamika tu kwamba hali ni ngumu hakubadilishi kitu. Aliyekwisha kuanza chuo kwa kujikongoja naye anaweza kuomba akiwa mwaka wa pili, mradi amefaulu mitihani yake na vyeti vyake safari hii vimekaa sawa.