Re: Mashairi ya Tchernichovsky yanapoteza mapigo nikiyasoma kwa sauti

Habari mkuu. Unasema mashairi ya Shaul Tchernichovsky, yule mshairi wa Kiebrania na daktari aliyetafsiri Iliad, utenzi wa kale wa Kigiriki, kwa Kiebrania, yanakatika mapigo ukiyasoma kwa matamshi ya leo. Kwanza kagua mwaka shairi lilipotungwa. Alihamia Palestina 1931, na mengi ya kabla ya hapo aliyatunga kwa matamshi ya Kiashkenazi, yaani ya Wayahudi wa Ulaya ya kati na mashariki: mkazo kwa kawaida silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili chetu! Leo neno la Sabato ni sha-BAT. Wewe lisome SHA-bos: mkazo umerudi nyuma, kamatz (alama ya irabu, leo “a”) imekuwa “o”, na herufi tav (leo “t”) isiyo na nukta ndani imekuwa “s”. Ukihamisha mkazo tu ukaacha sauti hizo, vina navyo vitakukatalia. Anza na ubeti mmoja, polepole, ukigonga meza kwa kidole.