Kigae Kikibanduka, Kigeuze Uangalie Mgongo

Mteja anayekuita kwa sababu vigae vyake vya plastiki vya kubandika, vile vinavyokuja na gundi mgongoni, vimeanza kuinua pembe huwa ameshatoa hukumu: gundi ni mbovu, dukani kapigwa. Huenda ni kweli, maana bidhaa hafifu zipo. Lakini kabla hujamuitikia, chukua skrepa, bandua kigae kimoja taratibu, kigeuze uangalie mgongo wake. Wewe unayeanza kazi hii utajifunza mengi hapo kuliko kwenye maandishi ya boksi.

Mgongo ukiwa umejaa unga wa kijivu, gundi haina kosa. Imeshika barabara, ila imeshika vumbi, na vumbi lenyewe halikuwa limeshika sakafu. Mgongo ukiwa safi, gundi inang'aa na bado inanata ukiigusa, basi ama kulikuwa na nta au mafuta juu ya saruji, ama hakuna aliyekikandamiza. Ukikuta gundi imegeuka uji na inanuka ukungu, hayo ni maji yanayopanda kutoka chini. Na ikiwa gundi imegawanyika, nusu sakafuni nusu kwenye kigae, inavutika nyuzinyuzi, angalia jua linalopiga kupitia dirishani, au uliza kama hapo zamani palitandikwa kapeti la plastiki. Makapeti hayo huacha mafuta yanayolainisha gundi yoyote inayokuja baada yake.

Elewa kwanza gundi hii inavyofanya kazi. Haikauki kama gundi ya mbao, wala haigandi kama saruji ya kulazia vigae vya kauri. Inashika kwa kukandamizwa: inalala juu ya sakafu, inajaza vinyweleo vyake, na kadiri saa zinavyopita inazidi kung'ang'ania. Kwa hiyo inashika kile kilicho juu kabisa, kiwe saruji, rangi, nta au mchanga. Ukikubali jambo hilo moja, karibu kila ninachosema hapa chini utakuwa umekiona mwenyewe.

Tuanze na vumbi, kwa sababu ndilo linalowaangusha wengi. Sakafu zetu nyingi ni za saruji iliyolainishwa, nyingine zimepigwa niru. Iliyomwagiliwa maji ya kutosha baada ya kupigwa huwa ngumu. Iliyoachwa ikaukie juani siku ileile hutoa unga maisha yake yote, hata ukiifagia asubuhi na jioni. Bandika kipande cha selotepu sakafuni, kikandamize kwa kidole gumba, kivute. Selotepu ikija na unga, kigae nacho kitakuja na unga. Hapo ufagio hautoshi, unahamisha vumbi tu. Piga msasa au brashi ya waya mpaka lile tabaka laini liondoke, zoa, pangusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, acha ikauke kabisa, kisha paka praima ya akriliki ya sakafu, ule mkono wa kwanza unaofunga vumbi ili gundi ishike. Saruji ikiinywa yote na kubaki kavu kama haikupakwa kitu, rudia mkono wa pili. Subiri ikauke, kisha rudi na selotepu yako.

Kuna mafundi wanaochanganya gundi nyeupe ya mbao na maji wakaifanya praima. Ni rahisi na inapatikana kila duka. Mimi siipendi, kwa sababu gundi ile ikipata unyevu hulainika tena, na sakafu za chini kwetu hazikosi unyevu. Kwenye chumba cha ghorofani huenda usione shida. Kwenye nyumba ya chini unajitengenezea kazi ya kurudia bure.

Kwa nta na mafuta, kipimo ni tone la maji. Dondosha matone sehemu mbalimbali za chumba, hasa mbele ya mlango, karibu na jiko na katikati ya sebule. Tone likinywewa ndani ya dakika moja hivi, saruji iko wazi. Likikaa limejikunja duara, kuna kitu kinalizuia. Nyumba za zamani zenye sakafu nyekundu zimesuguliwa nta miaka na miaka, mara nyingi ikiwa imelainishwa kwa mafuta ya taa. Zinapendeza kwa macho, lakini kwa gundi ni adui. Iondoe kwa maji ya moto, sabuni kali na brashi ngumu, suuza, rudia mpaka maji ya suuzo yatoke bila utelezi, kisha msasa. Usitumie mafuta ya taa kuondoa nta: unatoa mafuta haya unaweka yale. Na petroli usiiingize kabisa ndani ya chumba, achilia mbali nyumba yenye jiko linalowaka.

Sasa unyevu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu vumbi na nta unaweza kuviondoa kwa jasho lako, unyevu hauondoki hivyo.

Nyumba nyingi za pwani, kuanzia Dar es Salaam, Tanga na Unguja mpaka Mombasa, zimejengwa polepole kadiri pesa ilivyopatikana, na ile nailoni nzito inayotandikwa chini ya zege ikaachwa ili kupunguza gharama. Maji ya ardhini yanapanda kupitia zege kidogo kidogo. Sakafu ikiwa wazi yanapotea hewani na hakuna anayejua. Siku unapoifunika kwa plastiki, yanakosa pa kutokea, yanakusanyika pale pale kwenye gundi. Na hayaji peke yake: yanapanda na chumvi na ule ukali wa saruji, ambao ndio hasa unaoila gundi ikawa uji. Ukiona chini ya ukuta rangi inavimba na kumwaga unga mweupe, yale watu wanayosema ukuta unatoa chumvi, usisubiri kipimo. Jibu umeshapewa.

Pasipoonekana dalili, pima. Kata nailoni safi inayoonyesha, kama sentimita 45 kwa 45, ibandike sakafuni kwa tepu pande zote nne bila kuacha upenyo, iache usiku kucha mpaka kesho yake. Ukikuta matone chini yake, au saruji imekolea rangi kuliko ya pembeni, usibandike kitu. Weka nailoni zaidi ya moja, na mojawapo iwe karibu na ukuta wa bafu. Kumbuka pia kwamba kipimo kinakuambia habari ya siku hiyo tu. Sakafu iliyo kavu mwezi Januari inaweza kuwa na jasho mwezi wa Aprili, masika ikiwa imeshika. Muulize mwenye nyumba kama magodoro au makapeti yaliyolala chini huwa yananuka mvua zikinyesha. Akisema ndiyo, mwamini yeye kuliko nailoni yako.

Ukishajua kuna unyevu, mweleze mteja bila kumung'unya. Ipo epoksi ya kuzuia unyevu inayopakwa juu ya zege, inafanya kazi ikipakwa sawasawa, lakini mara nyingi bei yake inamfanya mtu ajiulize kwa nini alitaka vigae vya kubandika. Vinginevyo mshauri aweke vigae vya kauri kwa saruji. Utapoteza kazi hiyo, lakini atakuita kwa nyingine. Hali kadhalika kwa sakafu mpya: kanuni ya mafundi wa zege ni kukadiria mwezi mmoja wa kukauka kwa kila inchi moja ya unene, hali ya hewa ikiwa nzuri. Mteja anayetaka kuhamia wiki mbili baada ya sakafu kupigwa atakusukuma. Usisukumike.

Kubandika juu ya vigae vya kauri vya zamani ni jambo linalowezekana, na watu wanaogopa bure. Kauri iliyoshika vizuri ni msingi imara. Gonga kila kimoja kwa mpini wa nyundo: kinachotoa sauti tupu kimeachia, kitoe ujaze. Ondoa mafuta, hasa jikoni, kwaruza kidogo ule mng'ao kwa msasa, na jaza mistari yote kwa plasta ya kusawazisha sakafu. Usipoijaza, kigae cha milimita 2 kitazama kwenye mistari na baada ya muda utaisoma ramani yote ya zamani juu ya kazi yako mpya. Punje moja ya mchanga nayo itaonekana hivyo hivyo. Tahadhari moja: katika majengo ya zamani ya ofisi unaweza kukutana na vigae vya plastiki vigumu vya inchi 9 kwa 9. Baadhi yake vilitengenezwa kwa asibesto, madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Usivipige msasa wala kuvivunjavunja.

Ukinunua vigae, soma namba ya toleo kwenye maboksi na hakikisha zote zinafanana, maana rangi hutofautiana. Kataa boksi lililokaa juani nje ya duka au lenye vumbi la miaka, gundi huzeeka hata kabla ya kutumika. Yaingize maboksi kwenye chumba chenyewe siku mbili kabla ya kazi, yakiwa yamelazwa. Plastiki hutanuka kwa joto. Kigae kilichotoka kuchomwa na jua juu ya bajaji ukakibandika hapo hapo, kitasinyaa usiku na kukuachia mianya. Huko Njombe au Makete mwezi wa Juni shida ni kinyume chake: chini ya nyuzi 18 gundi inakuwa nzito na haishiki. Anza kazi jua likiwa limepanda, na uwe na mashine ya kukaushia nywele ya kupashia mgongo wa kigae.

Upangaji hausumbui ukianzia katikati ya chumba. Piga uzi wa chaki kutoka katikati ya ukuta mpaka ukuta wa pili, kisha wa kuukata, hakikisha pembe kwa kipimo cha 3, 4, 5: pima 3 kwenye uzi mmoja na 4 kwenye mwingine kuanzia zinapokatana, na mshazari kati ya alama hizo uwe 5. Panga safu moja bila kubandua karatasi uone mwishoni panabaki kiasi gani. Pakibaki ukanda mwembamba kuliko nusu ya kigae, sogeza mstari. Mgongoni kuna mishale, ifuate. Acha milimita 2 au 3 ukutani, skating, ule ukanda wa chini ya ukuta, itafunika. Zile karatasi za mgongoni zitupe kwenye kiroba kila unapobandua. Zinateleza vibaya mno, na mtu mwenye kisu mkononi hapaswi kuteleza.

Kishushe kigae ukingo kwa ukingo na kile cha jirani, usikidondoshe halafu ukakisukuma. Kikikaa vibaya una sekunde chache za kukiinua. Baada ya hapo kila unapokibandua gundi inapoteza nguvu. Kisha kandamiza, na hapa ndipo wanaoanza wanapofanya haraka. Kiganja hakitoshi. Wenye vifaa kamili wana rola ya kilo 45 ya kupitisha chumba kizima. Kama huna, rola ndogo ya mkono ukaiegemea kwa uzito wako inafaa, na hata mti wa kusukumia chapati nimeuona ukifanya kazi safi. Anza katikati uende pembeni ili hewa itoke, malizia na pembe nne. Pita mara ya pili chumba kikiisha, na kama unaweza kurudi kesho yake, pita ya tatu.

Mwambie mteja watu wanaweza kupita, lakini vitu vizito visiburutwe siku mbili za kwanza, na sakafu isidekiwe kwa maji siku tano. Baadaye kitambaa kikamuliwe, sio kumwaga ndoo na kufagia maji mpaka mlangoni kama ilivyozoeleka kwenye saruji. Jambo hili liseme mbele ya anayedeki hasa, si mwenye nyumba peke yake.

Unapompa bei, tenganisha ya kuandaa sakafu na ya kubandika, ili akitaka kupunguza aone anachopunguza. Akikataa maandalizi, andika kwenye risiti kwamba yamekataliwa. Na mwachie vigae vichache vya akiba vya toleo lile lile, avihifadhi vikiwa vimelazwa kabatini. Vikisimamishwa ukutani vinapinda, na kigae kilichopinda hakikubali kulala tena.