Mwiba, rovu na kilimi

Daktari wa pua, koo na shingo anajibu maswali yenu.

*Mwiba wa changu umenikwama tangu jana. Nimemeza matonge matatu makavu, bado unachoma. (Nungwi)*

Hospitali, leo. Tonge haling'oi mwiba, linaushindilia. Nimelisema hili mpaka nimechoka. Nanyi mnaotoa mwiba kwa siki au ndizi mbivu, jawabu lenu ni hilohilo.

*Wewe si daktari wa kichwa? Mbona hukumtazama mama, amepooza upande? (Jang'ombe)*

Ubongo una mabingwa wake. Mimi ni pua, mdomo, koo, matezi na shingo.

*Nina rovu, nimeambiwa nipasuliwe. Nasomesha Qur'ani, sauti itapotea? (Micheweni)*

Umeuliza la maana, shekhe. Rovu ni tezi la shingoni lililovimba. Nyuma ya tezi hilo unapita mshipa wa fahamu wa sauti, mmoja kila upande. Wa kushoto unashuka mpaka kifuani, unapinda chini ya mshipa mkuu wa damu, ndipo unarudi kooni. Ni mweupe, mwembamba kama uzi. Kabla ya kulitoa tezi tunautafuta kwanza huo. Ukivutwa, sauti hukwaruza wiki kadhaa, pengine miezi. Ukikatwa, hairudi ilivyokuwa. Muulize daktari wako ameshapasua marovu mangapi, na kama koo lako litatazamwa kwa kamera kabla na baada. Akikasirika, tafuta mwengine. Ukirudi wodini vidole vikifa ganzi, sema hapohapo: huenda madini ya kalsiamu mwilini yameshuka.

Rovu huweza kuletwa na upungufu wa madini joto, wala usinambie unakula samaki kila siku. Utafiti uliochapishwa 2006 ulikuta Pemba karibu hakuna nyumba yenye chumvi ya madini joto, na huko hutengenezwa chumvi! Na kama yupo anayekukanda shingo, mwache.

*Niko kidato cha sita, nataka kazi yako. Miaka mingapi? (Wete)*

Mitano ya udaktari, mmoja wa mazoezi hospitalini, mitatu au zaidi ya ubingwa wa masikio, pua na koo. Saratani za kichwa na shingo ni masomo mengine juu ya hayo. Wenzako watakuwa wameshajenga. Hesabu si tabu, mwanangu. Tabu ni mtafuna tambuu anayekufunulia ulimi, kidonda kimeshapakwa kila dawa ya mtaani, naye alipaswa kuja kilipopita wiki tatu bila kupona.

*Mtoto anakohoa, bibi yake anataka akatwe kilimi. (Makunduchi)*

Hapana! Kilimi, hicho kinyama kinachoning'inia kooni, hakileti kikohozi. Wembe ndio huleta damu isiyokatika. Mlete mtoto, na bibi aje naye. Nitampa kioo akitazame cha kwake, huenda ni kirefu kuliko cha mjukuu.