Nikikumbuka Ndiyo Naumia Zaidi

Barazani kwa Mama Fundi: maswali ya wasomaji

SWALI

Bwana Yesu asifiwe. Shikamoo mama. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mbagala Rangi Tatu, nauza chapati na maharage asubuhi. Mwezi wa tatu mume wangu, dereva wa bodaboda, aligongwa akitoka kushusha abiria, mguu ukavunjika sehemu mbili. Mpaka leo yuko kitandani, kutwa kageukia ukutani. Pikipiki ilikuwa ya mkataba, mwenyewe ameshaichukua. Nikakopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, shilingi 300,000, marejesho 12,000 kila siku kwa siku 35. Nimelipa siku 20 nikashindwa, wakaja wakabeba friji watoto wanaangalia. Mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita. Binti yangu wa kidato cha tatu anavaa sketi niliyoishona kwa mkono mara tatu mahali palepale. Ndugu wote kimya, ila kuna kijana wa bajaji huwa anampeleka baba yao kliniki bure.

Mama, kinachoniua si hayo. Kwenye jumuiya yetu ya kanisa wananiambia nikumbuke matendo ya Mungu. Nayakumbuka sana. Tulikaa miaka sita bila mtoto, nikaomba, akanipa. Mwaka 2019 nilifanyiwa upasuaji, nikapona. Lakini nikikumbuka ndiyo naumia zaidi. Najiuliza, kama wakati ule alisikia, sasa hivi amenyamaza kwa kosa gani? Nimeacha kwenda jumuiya, maana wenzangu wakishuhudia mimi nalia. Sasa kuna mtumishi ameniambia nipande mbegu ya 50,000 ndipo mlango ufunguke. Nifanyeje?

Mama Watatu, Mbagala

JIBU

Amina. Marahaba, mwanangu. Pole. Pole kwa mguu wa baba watoto, pole kwa friji, na pole kwa maneno uliyoambiwa na watu wenye nia njema.

Naanza na hiyo 50,000 kwa sababu hiyo haingoji. Usiitoe. Kama umeshaiweka pembeni, nenda kanunue unga, mafuta na maharage. Ukisoma Marko sura ya 7 utamkuta Bwana Yesu akiwakemea watu waliokuwa wakisema mali yao ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, na huku wazazi wao wanakosa msaada. Mungu hakuipenda sadaka ile. Sadaka ninaipenda, na bahasha yangu haijawahi kukosa kanisani nikiwa na kitu. Lakini mtu anayemwambia mama mwenye mgonjwa ndani kwamba Mungu amefunga mlango na ufunguo wake ni shilingi 50,000, huyo anamsingizia Mungu. Nalisema wazi na nitalirudia popote.

Sasa swali lenyewe. Unasema ukikumbuka ndiyo unaumia zaidi. Mwanangu, swali hilo limo kwenye Biblia. Fungua Zaburi ya 77, ya Asafu. Anaanza kwa kumlilia Mungu usiku, mkono ameunyosha na hauchoki, nafsi imekataa kufarijiwa. Halafu anasema lilelile unalosema wewe, kwamba alipomkumbuka Mungu ndipo alipofadhaika. Usingizi ukampaa. Akaanza kuzikumbuka siku za zamani, na zile siku za zamani ndizo zilizomchoma, hata akauliza, "Je! Mungu amesahau fadhili zake?" Hakuna aliyemfukuza Asafu kwenye jumuiya kwa kuuliza hivyo. Swali lake liliwekwa kwenye kitabu cha kuimbia hekaluni, likaimbwa na kusanyiko zima. Kwa hiyo usidhani umekosa imani. Unauliza kwa sababu unaamini kuna aliye upande wa pili anayesikia.

Nikueleze yaliyonipata, na hili sikusimuliwa na mtu. Desemba 2011 nilikuwa napanga Magomeni Suna, hatua chache kutoka Mto Msimbazi. Mume wangu alikuwa ametangulia mbele za haki miaka miwili nyuma, nimebaki na watoto watatu na cherehani ya miguu. Ndani nilikuwa na vitambaa vya sare 40 za shule, vya wazazi waliokwisha kunilipa nusu wakisubiri shule zifunguliwe Januari. Mvua ile ilipiga usiku, na maji hayakuja kwa mlango tu, yalikuja na kwa sakafu. Niliwapandisha watoto juu ya meza, nikasimama nimeshika kabati, nikaomba. Niliomba kitu kimoja, maji yasimame.

Hayakusimama. Yalinifika kifuani.

Tulitolewa na vijana wa mtaani kwa kamba, kulipopambazuka. Zaidi ya watu 40 wa jiji hili walikufa kwenye mafuriko yale. Nyumba ya tatu kutoka kwetu mama mmoja alipoteza mtoto wake wa kiume. Miaka yote hii sijawahi kusimama mbele ya mama yule nikasema Mungu aliwalinda wanangu, kwa sababu najua swali litakalobaki machoni pake na sina jibu lake. Nakueleza hili kwa sababu ya zile shuhuda zinazokuliza. Ushuhuda ni mzuri, lakini anayeutoa aangalie kwanza nani amekaa mkekani.

Turudi Suna. Usiku uliofuata tulilala Magomeni Mapipa kwa jirani wa mbali, mama wa Kiislamu tuliyekuwa tunasalimiana tu sokoni. Aliwahamisha wanawe sebuleni, akatupa chumba na magodoro mawili, na asubuhi tukakuta uji wa pilipili manga umeshapoa kidogo ili watoto waunywe. Tulikaa kwake siku 16. Na mimi, siku zote hizo, nilikuwa nimemnunia Mungu. Nilikuwa nimemwomba asimamishe maji, hakusimamisha, basi yale magodoro sikuyaweka kwenye hesabu yake kabisa. Niliona ni wema wa mama yule, basi. Wala sikumnyima shukrani yeye, nilimnyima Mungu.

Maji yalipokwisha nikarudi kutazama. Vitambaa vilikuwa vimeganda kwa tope kama udongo wa mfinyanzi. Cherehani ilikuwa imelala chali. Mama yule aliniazima beseni na chupa ya mafuta ya taa, nikakaa uani kwake nikaifungua screw moja moja. Tope la Msimbazi ni laini, linaingia mpaka kwenye tundu la sindano. Kile kichuma kinachoshika bobini nilikichokonoa kwa pini karibu saa nzima, naifuta, naipuliza, nachokonoa tena. Mkanda wa ngozi ulikuwa umevimba, nikaufunga kwa waya. Nilipokanyaga pedeli mara ya kwanza gurudumu lilikwama. Mara ya pili likalia. Mara ya tatu likazunguka, na mama yule aliyekuwa anachambua mchele pembeni akasema, "Alhamdulillahi," kabla mimi sijasema neno. Mimi mkristo wa kubatizwa utotoni, nikasemewa shukrani na jirani. Nililia pale uani mpaka watoto wakaogopa.

Kati ya zile sare 40, Januari nilikuwa nimemaliza 17. Mzazi mmoja alinitukana mbele ya watu, na sikumlaumu, pesa yake ilikuwa halali. Wengine walileta kitambaa upya bila kuuliza. Ya mwisho niliikabidhi wiki ya Pasaka.

Kabati nililoshika usiku ule ninalo mpaka leo, la mninga. Lina mstari wa kahawia pande zote, juu kidogo ya kitasa, pale maji yalipoishia. Fundi seremala alitaka kulipiga msasa na vanishi, nikamkatalia. Mjukuu wangu alipofika umri wa kuuliza, akaweka kidole kwenye ule mstari akauliza, "Bibi, hii ni nini?" Nikamwambia maji yalifika hapa. Kisha nikamwambia habari za uji.

Kwenye Yoshua sura ya 4, Israeli walipovuka Yordani waliamriwa wachukue mawe 12, ili watoto wao watakapouliza maana yake wasimuliwe. Mawe yale hayakuokotwa ng'ambo kwenye nchi kavu, palipo pazuri. Yalitolewa katikati ya mto, pale makuhani waliposimama, mahali ambapo maji yangewameza. Ndiyo maana nasema wanaokuambia kumbuka matendo ya Mungu wamekuambia kweli, ila wameikata nusu. Wanataka ukumbuke ng'ambo tu, ukumbuke mtoto uliyempata na kidonda kilichopona, ufute machozi. Kumbuka na mto. Ile miaka sita ya kukosa mtoto, hukukaa ukimshangilia Mungu, najua. Ulilia, ukasemwa na mawifi, ukasubiri mwezi hadi mwezi. Mungu aliyekupa mtoto mwaka wa sita alikuwa ni huyohuyo mwaka wa pili ulipokuwa huoni kitu. Kwa hiyo ukiulizwa alinyamaza kwa kosa gani, jibu ni kwamba hata wakati ule alinyamaza muda mrefu, wala haikuwa kwa kosa lako.

Asafu mwenyewe anamalizia na habari ya bahari. Anasema njia ya Mungu ilikuwa baharini, na nyayo zake hazikuonekana. Fikiria hilo. Mtu akipita kwenye maji haachi alama ya mguu. Kisha mstari wa 20, wa mwisho, anasema Mungu aliwaongoza watu wake kama kundi kwa mkono wa Musa na Haruni, na zaburi inakatika hapo. Hatuambiwi kama usingizi ulirudi, wala kama shida yake iliisha. Ila tunaambiwa palikuwa na mikono ya watu.

Sasa nirudi kwenye barua yako. Umeandika mistari mingi juu ya friji, na una haki. Lakini umeandika nusu mstari, umeupachika baada ya ndugu walionyamaza, kwamba kuna kijana wa bajaji anampeleka baba watoto kliniki bure. Mwanangu, kutoka Mbagala mpaka mjini na foleni ya Kilwa Road, mtu anayekula kwa kilomita akae akingoja mgonjwa aonwe, siku ile hana hesabu ya kupeleka kwa tajiri wake. Anaifidia usiku. Nilipofika hapo niliweka barua chini, nikakumbuka magodoro yangu. Sikulaumu. Nilifanya hivyohivyo kwa siku 16. Nakuomba tu hiyo bajaji uiweke kwenye hesabu, palepale pamoja na kilio chako, bila kupunguza hata chozi moja.

Mengine nayasema kwa kifupi. Usichukue mkopo wa pili kulipa wa kwanza. Umelipa 240,000, wamebakiza 180,000, na friji wanayo wao. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa ukiwa na mtu mzima wa jumuiya, uulize mkataba wenu unasema nini na kama mkopeshaji ana leseni. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 hakuna anayeruhusiwa kufanya biashara hiyo bila leseni. Ukishatulia, tafuta wenzako wa kikundi muulizie mikopo ya halmashauri. Wanawake wametengewa asilimia 4 ya mapato ya ndani, na haina riba. Mwenye nyumba mfuate wewe kabla hajakufuata, umwombe apokee kodi mwezi mmoja mmoja. Wapo wanaokubali wakiona mtu hawakimbii.

Jumuiya rudi. Ukilia, lia. Mwombe mama kiongozi faragha kwamba kwa sasa usisimamishwe kushuhudia, na umwombe wanaume wawili waje kukaa na mumeo siku za wiki, wasije kumhubiria, waje na bao au redio ya mpira. Mwanamume aliyezoea kutoka alfajiri kutafuta, akilala miezi akimwangalia mkewe anakanda chapati, aibu inamla kuliko maumivu ya mfupa. Usimpe mistari ya Biblia kwanza. Mpe kazi ya mikono, achambue maharage, ahesabu mauzo.

Na hiyo sketi niachie mimi. Mpe mhariri vipimo vya binti na rangi ya sare ya shule yao, atanifikishia. Kiuno kipime akiwa amechomekea shati, urefu uchukue kutoka kiunoni mpaka chini ya goti vidole vinne, maana bado anakua. Nitaacha upindo mpana.