Sukari ya mgonjwa wa figo ikishuka, usiharakishe kushukuru

Mama ana kisukari mwaka wa 18 huu. Figo zilipoanza kumchoka, sukari ikawa inashuka yenyewe: leo 6 mmol/L, kesho 5, na sisi alhamdulillahi, dawa imemkubali. Hatukujua kuwa figo ndizo zinazotoa mwilini mabaki ya vidonge vile, hata insulini. Zikidhoofika, dawa ya leo humkuta mtu bado ana ya jana mwilini. Na mama hamu ya kula ilikuwa imemtoka.

Alfajiri moja, nyumbani Shela, nilimkuta kakaa ukingoni mwa kitanda, akikunja pindo la leso na kulikunjua, akikunja na kulikunjua. Nikamwita. Akajibu maneno yasiyoshikana, ulimi mzito, mkono wa kulia umelegea. Shangazi akasema kiharusi. Jirani akataka aitwe mtu wa kumsomea. Nikampima: 2.1. Alikuwa bado aweza kumeza, nikamnywesha maji ya sukari, na baada ya robo saa akauliza mbona tumejaa chumbani.

Hapo ndipo tulipokosea. Tulimwacha alale. Saa nne akashikwa na degedege, tukambeba kwa kiti hadi ufukweni kutafuta boti ya Lamu mjini. Alitundikiwa dripu ya glukosi usiku kucha. Daktari alimwaga mfuko wa dawa mezani, akashika glibenklamidi, kidonge chake cha kisukari, akasema: kwa figo hizi, hii yaweza kushusha sukari tena na tena, hata siku nzima baada ya kidonge cha mwisho.

Kwa hiyo mgonjwa wako akichanganyikiwa ghafla, pima sukari kabla ya kubishana ni nini. Ikiwa chini ya 4 na anameza, mpe sukari. Asiyemeza usimtie kitu kinywani. Na hata akizinduka, mpeleke hospitali. Namba ya mwenye boti iwe kwenye simu.

Metfomini, kidonge kingine cha kisukari, nayo husimamishwa kipimo cha uchujaji wa figo (eGFR) kikishuka chini ya 30. Dawa za moto wa miguu, gabapentini na pregabalini, hutoka kwa figo hizo hizo. Zikijaa, mtu husinzia mchana na mikono humrukaruka. Usiziache ghafla kwa uamuzi wako. Muulize daktari: "Figo zimefika ngapi, na dozi hii bado yamfaa?"

Mama sasa yuko kwenye insulini kidogo. Kila kliniki twaenda na mfuko mzima, hata dawa za miguu.